Suti ya Kuchochea Boila

Wanjiru wangu,

Silibwet tuko salama. Nyanya yako anakwambia ng'ombe amezaa ndama mwenye sura kama yangu. Mimi babu yako naona ndama ana bahati.

Umeniuliza, "Guka, Krismasi hii chuoni huku ng'ambo nimebaki mimi na theluji, si nifunge pazia nilale mpaka Januari?" Umeuliza bingwa. Shule niliiacha darasa la sita, walimu waliishiwa na maneno, lakini hilo nalijua.

Nikiwa kijana nilichochea boila kwenye kiwanda cha chai karibu na Roret. Majani hayangoji sikukuu, kwa hivyo Krismasi tulibakishwa sisi tusio na cheo. Nilikasirika! Asubuhi nikavaa suti yangu ya pekee, na tai, nikaenda kutupa kuni motoni.

"Kamau, leo unaoa boila?" Kiprono, mwenzangu wa shifti, akanicheka.

"Krismasi ikipita hapa," nikamjibu, "lazima inisalimie."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakimbia kwake, akarudi na shati jeupe la kanisa. Kufika saa sita wenzetu wengine nao walikuwa wamemwiga, tukawa watano, tumependeza kushinda maharusi, tunaimba huku cheche zikitoboa suti yangu. Sikukuu ile hatukupewa na mtu. Tuliichukua.

Kwa hivyo pazia usifunge. Siku ya Krismasi oga, vaa ile nguo yako nyekundu, pika chapati hata zikitoka na umbo la ramani ya Kenya, halafu ugonge mlango wowote wa jirani wenye taa. Wakikucheka, cheka nao, na uingie.

Guka wako,
mtanashati wa Silibwet mpaka Mulot