Swali la Mama Kuhusu Sengaparile

Mdogo wangu Oteng,

Huku Kang mvua imenyesha vizuri na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mama anakusalimu, ila safari hii salamu zake zina swali.

Tangu magoti yake yavimbe alikuwa akichemsha mzizi wa sengaparile, ule mnaouchunguza maabara huko Gaborone. Uvimbe ukapungua, akawa anakwenda bombani mwenyewe. Jirani yetu Mma Seabe, ambaye vidole vimempinda kwa ugonjwa huohuo, akamwambia, "Mchoyo wewe! Nipe na mimi."

Mama akacheka. "Njoo, lakini ni chungu, na ukikunja uso nakumwagia."

Wakawa wanakunywa pamoja kila asubuhi.

Wiki iliyopita Mma Seabe akatapika damu. Tulimkimbiza zahanati, na sasa hajambo. Nesi alisema ana vidonda vya tumbo, na mwenye vidonda hashauriwi kunywa mzizi ule.

Mama aliporudi akamwaga dawa yote. Nikamwambia, "Wewe tumbo lako ni zima, kunywa tu."

"Nilimpa mwenzangu kitu nisichokijua. Muulize Oteng ndani ya mzizi mna nini, kipi kinatuliza goti na kipi kinachokoza tumbo. Asiponijibu, sinywi."

Magoti yamevimba tena. Leo nilimbeba mgongoni kwenda kumwona Mma Seabe, naye akamfokea, "Kunywa, mkaidi wewe! Tumbo bovu ni langu, si lako."

Mama alimshika vile vidole vilivyopinda, akawa anavikanda polepole.

Tunasubiri neno lako.

Dada yako,
Kelebogile