Tumbo Lililonyamaza

Mama Nekesa mke wangu,

Nakusalimu kutoka Riyadh, wewe na watoto. Mama yangu amepona kikohozi? Mimi ni mzima, ila mzima wa kitandani. Kwenye simu nilikuambia tu kwamba nimepasuliwa mgongo, kwa kuwa wodi ilikuwa imejaa watu. Mengine nakuandikia.

Ile siku niliyoanguka nikishusha friji ya bosi, pingili ilikandamiza mishipa ya fahamu. Nilipozinduka baada ya upasuaji, miguu ilisogea. Nikasema halas, basi, nimepona. Kumbe tumbo limenyamaza. Lilijaa hewa, likawa gumu. Kila asubuhi nesi, dada mmoja wa Kihindi, aliniuliza mbele ya wagonjwa wote, nami nikimjibu kwa Kiarabu mafi, yaani hakuna:

"Choo?"

"Mafi."

"Hewa?"

"Mafi."

Sikuona aibu. Sikuona chochote, nilitazama dari tu. Hata chakula nikaacha.

Nesi alisema dawa kali za maumivu hulaza tumbo, na kulala siku nzima huzidisha. Daktari akazipunguza. Juma, dereva mwenzangu wa Malindi ninayekaa naye chumba kimoja mtaa wa Al-Dirah, akawa anakuja kila akipata nafasi. Ananifunga mkanda wa mgongo, ananiinua.

"Yalla, bwana, mpaka dirishani."

Tunaenda, tunarudi. Ananinywesha maji ya vuguvugu, ananilisha uji na papai, kisha ananikalisha chooni, miguu juu ya kijistuli.

"Usijikakamue, utaumiza mgongo. Liache tumbo lenyewe."

Anasimama nje ya mlango akinipigia hadithi za mbuzi wa dada yake. Nilikaa tu. Mara nyingi tulirudi kitandani bila kitu.

Asubuhi moja nikajamba, Mama Nekesa, wodi nzima ikasikia. Mzee wa Kiyemeni wa kitanda cha pili akasema alhamdulillahi. Juma alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Kesho yake nikapata choo.

"Ulikihisi kikitoka?" nesi akaniuliza.

"Ndiyo."

Akashusha pumzi. Ndipo akaniambia walichokuwa wanaogopa: kama mishipa ya haja ingekuwa imekufa, ningevaa nepi maisha yangu yote. Nilimsikiliza kama anazungumzia mtu mwingine.

Bosi amepiga simu kutoka Jeddah. Ameshachukua dereva mwingine, na tiketi yangu ya kurudi iko tayari. Nilimjibu, "Shukran, baba."

Nisalimie mama, na shemeji anayetulimia, na yule mama jirani anayebaki na watoto ukienda sokoni.

Siku nitakayofika, watoto wasinirukie. Waje mmoja mmoja, wanishike mkono. Nawe usishtuke nikikaa kimya. Nikalishe karibu nawe tu, uendelee na kazi zako.

Mumeo,
Baba Nekesa