Fatha Tulosoma Bwawani

Jumamosi, baada ya Magharibi. Rasharasha tangu alfajiri, viatu vyangu viko dirishani vinachuruzika tope, na mie nimenuna.

Si kununa. Nimechomwa. Naandika mbio kabla hasira hazijapoa, maana zikipoa nitaanza kumtetea, najijua.

Wanaopita kwenye blogu hii kila wiki wanalijua bwawa langu. Kwa mgeni: nyuma ya kwetu, huku kusini mwa Pemba, juu ya milima, lipo bwawa la zamani la kukusanyia maji. Watu wa bara watacheka nikisema mlima. Waje wapande na baiskeli isiyo gia, halafu tuzungumze. Njia inapita chini ya mikarafuu, inashuka kwenye bonde la mpunga, kisha inapanda mpaka baiskeli unaibeba wewe badala ya yenyewe kukubeba. Juu kule maji meusi, yungiyungi pembeni, na ukisimama kwenye ukuta unaiona bahari ya Wambaa.

Njia ile niliitafuta mie. Kiangazi kizima. Hakuna aliyenifundisha, nilipotea, nikaumwa na siafu, nikabisha hodi shamba kwa shamba kuomba ruhusa ya kupita. Siku moja niliteleza na baiskeli nikazama kwenye mpunga, nikaibuka tope tupu, na bibi mmoja aliyekuwa akifukuza ndege akaanza kunisomea Ayatul Kursi akijua mie jini. Hadithi hiyo nilimpa mtu mmoja tu. Hemed.

Hemed ni mtoto wa khalati yangu, dada yake mama. Nyumba zetu zinatazamana uani. Kanizidi umri kidogo, kanizidi mdomo sana. Mie nikizungumza na wageni ulimi unatangulia, akili inafuata nyuma inahema. Yeye huzungumza taratibu, na watu humsikiliza. Ndo tukakubaliana tufanye biashara ya kutembeza wageni: mie njia na baiskeli, yeye maneno, na wageni wa kwanza tutawapandisha pamoja. Hatukuandikishana. Nani anaandikishana na mtoto wa khalati yake? Tulikaa kwenye ukuta wa bwawa, tukanyanyua mikono, tukasoma Fatha, tukajipangusa nyuso. Kwetu ikishasomwa Fatha, limekwisha hilo.

Jana akanambia njia imeharibika kwa mvua, hata mbuzi hapiti, tungoje ikauke. Nikasema sawa.

Lakini mie kukaa sijui. Leo baada ya chai nikatoka peke yangu nikatazame imeharibika vipi. Kufika bondeni, naona alama za matairi kwenye tope, mbichi, nyingi. Wallahi nilifurahi. Nilidhani wapo watu wengine wameligundua bwawa, wendawazimu kama mie, nikakanyaga pedali niwawahi.

Kwenye mpando wa mwisho, baiskeli iko begani, nikasikia sauti ya Hemed. Anasimulia. Kateleza, kazama kwenye mpunga, bibi kamsomea Ayatul Kursi. Watu wanacheka mpaka wanapaliwa.

Mpunga wangu. Jini wangu.

Walikuwa wageni kutoka Dar, wake kwa waume, na nguo zao za kubana za baiskeli, wamekaa kwenye ukuta ule ule. Hemed aliponiona uso ukambadilika kidogo, kidogo tu, halafu akatabasamu. Dada mmoja tairi lake lilikuwa limelala chini.

"Alhamdulillah," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "fundi wetu huyo kaja."

Fundi wetu.

Na mie nikafanya nini? Nikachutama nikaziba pancha. Ndiyo. Yule dada hana kosa, na mgeni ni mgeni, humwachi mlimani na tairi bovu. Nikaitoa tyubu, nikaizamisha kwenye maji ya bwawa mpaka mapovu yakanionesha tundu, nikasugua, nikapaka gundi, nikabandika kiraka. Kiraka kikakaa upande. Dada akachutama karibu yangu, mpole kweli, akaniuliza, "Fundi, huku ulishawahi kufika?"

"Mara moja moja," nikasema.

Kwa nini nilijibu vile? Nimejiuliza njia nzima. Ningeweza kusema pale pale mbele ya wote, na sikusema. Mwenye kosa yeye, haya nimeona mie.

Wageni walipokuwa wanapiga picha nikamvuta Hemed pembeni. Akaanza: wageni wamekuja ghafla, kanipigia sikupatikana, angenieleza jioni. Simu yangu ilikuwa mfukoni, nzima, ina chaji. Nikamuuliza kitu kimoja tu.

"Fatha tulosoma hapa ilikuwa ya nini?"

Akacheka, akanipiga bega. "Ile ya biashara, mdogo wangu. Kwani ulidhani n'nakuoa?"

Angenambia samahani, hata ya uongo, ningebaki. Badala yake akanitaka niwashushe wageni kwa upande wa pili, wenye kivuli, ambao naujua mie peke yangu. Nikachukua baiskeli nikashuka kwa upande huo huo bila kugeuka. Wao warudi kwenye tope lile lile walilopitia. Nikisema sikufurahi nitakuwa mwongo, ila furaha yenyewe ilikwisha kabla sijaifikia mikarafuu.

Wiki ijayo ataleta wengine. Njia haina kufuli.

Njia nyingine nitapata, milima Pemba haijesha. Mtu wa kusoma naye Fatha ndo sijui nitampata wapi.

Hemed hasomi blogu hii. Na akisoma, asome.

Nyumbani nimekuta khalati kaleta mkate wa kumimina, kama kila Jumamosi. Nimeula. Mkate una kosa gani?

Mama nilimweleza yote. Alikuwa anachambua karafuu. Hakusema Hemed mbaya, hakusema mie mjinga. Alisema tu kuwa Muislamu hamnunii nduguye zaidi ya siku tatu, na kwamba sahani ya watu isirudi tupu.

Sahani nitaipeleka mwenyewe, nimeshaitilia ndizi. Khalati sina ugomvi naye. Hemed akiwa uani nitampita kama ninavyoupita mti.

Siku tatu nimepewa na dini. Nazitaka zote.