Bwana Harusi Amekula

Mama,

Bwana Harusi amekula. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: usingeitikia hata salamu kabla ya kuuliza habari za samaki wako.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha yetu ya jikoni. Wewe ulikuja nacho kutoka Tanga ulikokulia, mimi nilikipata kwa bibi yangu kule Nyamirambo, na tangu niolewe na mwanao Patrick tulikizungumza tukimenya ndizi, yeye akipita na kututania kwa Kinyarwanda. Tangu tukuzike sijapata wa kuzungumza naye. Mara kwa mara nafungua friji naanza, "Mama, hivi haya maziwa..." Kisha naifunga.

Siku za ikiriyo, tulipokaa matanga, nyumba ilijaa watu. Shangazi Domitila aliingia jikoni akafunga kanga kiunoni, akasugua kila kilichosugulika. Akafika dirishani kwenye chupa zako za maji ya kijani, zile ulizofugia vijidudu vya kumlisha Bwana Harusi. Akazimwaga zote kwenye sinki, akaziosha kwa sabuni, akazipanga zimepinduliwa, zinang'aa. Akaniambia, "Nimekusaidia, mwanangu, ile maji ilikuwa imeoza." Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Alikuwa anasafisha kwa sababu hakuweza kukaa. Ningemwambia nini? Nilimshukuru.

Mwanzoni sikuogopa sana. Nilijua vijidudu vingine vimo ndani ya tangi lenyewe, vimejificha kwenye mawe. Lakini tangi lako ni dogo kama sanduku la safari, na yule bwana, pamoja na urembo wake wote wa bluu na machungwa, kazi yake kutwa ni kudonoa jiwe hili na lile. Alivimaliza. Ulinifundisha kumtazama kwa juu: tumbo liwe la mviringo kama haragwe, likiwa bapa, nyumba haina chakula. Likaanza kuwa bapa.

Nikasaga sambaza wakavu, wale dagaa wa ziwani. Akapita kando. Nikanunua kamba waliogandishwa, nikawakata vipande vyembamba kama uzi, nikamshikia kwa kibano mbele ya mdomo. Akakitazama kipande, akanitazama mimi, akageuka. "Huyu hali maiti," ulikuwa ukisema huku ukicheka. Nilizunguka kwa wauza samaki wa mapambo mjini. Wana wa maji baridi tu. Ukitaja maji ya chumvi wanakuuliza kama unaumwa.

Mama, nikueleze ukweli kwa nini jambo hili lilinilemea. Haikuwa samaki peke yake. Wiki zako za mwisho hospitalini nilikuwa nakuletea uji, nakupulizia kijiko, nawe unageuza uso taratibu, kwa adabu, kama mtu anayekataa kitu asimkwaze mwenyeji. Daktari alisema si kosa la uji wala la mpishi. Nilimsikia. Ila mkono wangu haukusikia. Na sasa nilikuwa nimesimama tena, nimeshika chakula, mbele ya kiumbe kinachogeuza uso.

Patrick naye alikuwa haingii sebuleni. Alikula amesimama jikoni. Siku moja, bila kunitazama, alisema kwa Kinyarwanda chake, "Huyo samaki umpe mtu. Kila nikimwona anavyokonda, namwona Mama." Kumpa nani, Kigali hii, samaki wa bahari asiyekula?

Kisha Mama Zubeda, fundi wako wa Muhima, akapiga simu. Nguo yako ya kitenge ilikuwa tayari tangu zamani. Alikuwa ametuacha tumalize kilio kwanza. Nilikwenda kuichukua. Akaikunjua mezani, nami nikawa nahangaika kutafuta pa kuweka macho nisilie mapema. Nikayaweka dirishani. Katikati ya vigurudumu vya nyuzi kulikuwa na chupa ya maji ya kijani, imefungwa uzi mwekundu katikati.

Nikamuuliza ni nini.

"Iko ya mukecuru," akasema, ndivyo alivyokuita, bibi kizee. "Alileta mbele ya kulazwa. Akaniambia, maji ikishuka chini ya uzi, ongeza ya kawaida, chumvi usitie, iliyomo haipungui. Mi sijui hata ni dawa ya nini."

Niliiinua kwenye mwanga. Mama, vilikuwamo. Vidogo kama vumbi, vinarukaruka. Nikakaa kwenye kigoda chake nikalia, katikati ya vitenge vya watu, na yeye akadhani ni nguo. Akanishika bega akinipa pole: "Ihangane, mwanangu, ihangane." Nilipomweleza, alicheka mpaka akavua miwani. "Yewe! Kumbe miezi yote hii nafuga wanyama."

Hakunipa yote. Alinimiminia nusu kwenye chupa nyingine, nusu akairudisha dirishani. Alisema wewe mwenyewe ulimwambia kitu chenye roho hakiwekwi mahali pamoja tu. Hukuniambia mimi hilo. Labda ulijua ningeuliza kwa nini, na ungelazimika kunijibu.

Nilirudi nyumbani Kibagabaga kwa moto, pikipiki ya abiria, chupa nimeikumbatia. Kijana wa moto aliniuliza kama nimebeba mayai, maana kila tuta nilimwambia polepole.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko kulia. Nilitaka kummwagia Bwana Harusi chupa nzima. Lakini nikivimaliza leo, kesho je? Nikavigawa kwenye chupa tatu, nikavichanganyia maji ya chumvi kama ulivyokuwa ukifanya, nikaviweka kwenye mwanga wa dirisha, nikangoja ile kijani, chakula chao, ikolee. Vichache tu nilivichuja kwa kile kitambaa chako chembamba nikavitia tangini. Havikujaza hata ncha ya kijiko.

Hakusogea. Kisha jicho lake moja likazunguka, likasimama. Akashuka polepole, akainamisha kichwa, akadonoa. Akadonoa tena.

Nikasikia mtu anapumua nyuma yangu. Patrick alikuwa mlangoni na viatu vya kazi. Akauliza, "Amekula?" Kwa Kiswahili, Mama. Kwa lafudhi yako ya Tanga, ambayo sikujua anayo. Nikamwambia amekula. Akavua viatu, akaja akaketi sakafuni, akamtazama mpaka chai niliyomletea ikapoa.

Zilikuwa wiki za kubana. Kidogo asubuhi, kidogo jioni, vingine nikiviacha vizaane. Chupa moja ilichafuka nikaimwaga. Mbili zikashika. Patrick alitengeneza rafu na kuunganisha mpira wa hewa unaotoa mapovu taratibu, na sasa chupa ni nyingi kuliko zako. Shangazi Domitila akija huwaonya wageni wasiziguse, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa akijua. Tumbo la Bwana Harusi limekuwa haragwe tena. Patrick anakula mezani.

Nguo yako Mama Zubeda ameipunguza kiunoni. Nitaivaa Jumapili kanisani, kisha tutapita makaburini na maua. Usishangae tukichelewa kuondoka. Mwanao siku hizi ana maneno mengi.

Najua samaki wa namna hii hawaishi miaka mingi, kwa hiyo sikuahidi kwamba hatakufa. Nakuahidi kwamba nitaendelea kusimama mbele yake na chakula, hata siku atakayogeuza uso, na siku hiyo sitauchukia mkono wangu.

Pumzika, Mama. Huku tunakula.

Mkweo,
Aline