Mama, Hapana Kuja Butembo

Butembo, posho (Jumamosi) asubui

Mama yangu mupendwa,

Wavukire. Muliamuka namna gani kule Kayna? Mugongo inakuachaka kidogo ulale? Na baba, angali anakohoa? Miye mwili ni muzima. Ile Ebola ilishaniacha. Mais kichwa, mama, kichwa ndiyo haijapona.

Unajua walinipa kazi palepale nilipolala mugonjwa. Siye tuliopona tunalea batoto bachanga, bale mama zao bamefungiwa upande wa bagonjwa. Miye nilipewa katoto ka kike, Masika. Mama yake alikuwa ananiangalia mu dirisha ya plastiki, anainua mukono, na miye namuinulia mutoto amuone. Juma hii dirisha ilibakia bila mutu.

Tangu pale, nikisikia tu harufu ya chlore, ile dawa ya kunawia, naona niko tena juu ya kile kitanda. Mama mumoja psychologue, mwenye kutunza mawazo ya batu, alinikalisha chini: “Kahambu, ikikujia, hapana kupigana nayo. Gusa kitu, taja jina yake kwa sauti.” Donc nataja: kikombe, mulango, muguu ya mutoto. Batu bananiangalia kama mwenda wazimu, mais inasaidia. Mangaribi tunakaa na benzangu tuliopona, tunachambua maharagi, kila mutu anasema yenye inamulemea. Siku ingine tunalia. Siku ingine tunacheka mpaka sombe inaungua mu chungu.

Jana baba ya Masika alikuja ku barrière ya kuingilia hapa. Hakuingia.

“Bibi yangu, mama ya huyu mutoto, muliua mule ndani,” aliniambia. “Na mutoto mubaki naye.”

“Papa, ni damu yako. Muangalie hata sura.”

Hakuangalia. Akakaribia, akashusha sauti: “We ni dada yetu. Dimanche, siku ya kanisa, hapana kulala hapa.”

Akaenda zake. Nilimuambia chef wetu wa kazi, akasema maneno kama ile banasikiaka kila siku. Mais leo mama mwenye kutuuzia mikate hakukuja. Na majirani ya ngambo ya barabara, nimebaona banatosha inje magodoro na mbuzi zao, banahama.

Nimesikia unataka kuja kunichukua. Mama, nakuomba, hapana kuja. Sac yangu ya nguo nilishaifunga, kisha nikaifungua. Siku za kumuchunga Masika, kuona kama hana ugonjwa, hazijaisha, hawawezi kumutosha inje ya hapa. Na akiamuka, sura anayotafuta ni yangu.

Nisalimie baba. Nisalimie yaya Kavira, mukubwa wangu, ku soko yake ya Kanyabayonga, na Paluku wetu wa shamba. Shangazi, ule wa chapelet, mwambie aanze kutuombea leo.

Na kama mutu atafika kwetu na katoto mikononi, bila miye, hapana kumuuliza mingi. Pokea tu. Ni Masika. Anapendaka kubebwa ku mugongo.

Mwana wako,
Kahambu