Airisi Ulizozifukia, Mama

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hata sasa siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia.

Nakuandikia kwa sababu ya zile airisi. Miaka yote tuliyoishi baada ya siku ile ya ugomvi hatukuyataja maua yale hata mara moja, wewe na mimi, mpaka ukafariki.

Unakumbuka nilivyoyapata. Nilikuwa mwalimu mgeni hapa kijijini Mgwashi, bi harusi kutoka Muheza asiyejua hata kusimama vizuri na jembe kwenye mteremko. Jumamosi moja nilikwenda Lushoto, nikamkuta mzee aliyewahi kutunza bustani ya mzungu mmoja aliyerejea kwao baada ya Uhuru. Alikuwa akiuza mashina ya airisi, yale yanayokaa ardhini, yenye vifundo kama tangawizi. Mimi nilitaka kujaza kikapu tu niondoke. Akanizuia mkono.

"Bonyeza kwanza, mwalimu. Likibonyea, limeoza. Na unuse."

Nikachagua manane, magumu, yasiyo na harufu. "Mizizi ndani, mgongo nje uote jua," akaniagiza. "Ukiufukia, umeliua."

Ulisimama mikono kiunoni, ukanitazama nikiyapanda mbele ya nyumba. "Mbona umeyaacha uchi?" uliuliza. Nikakujibu kwa majivuno ya ualimu wangu kwamba ndivyo yanavyotaka. Ukaguna, ukaenda kupalilia magimbi yako.

Kisha nikaitwa semina Tanga, wiki tatu. Masika yalikuwa yameanza. Niliporudi nilikuta kituta kimeinuliwa, udongo umeshindiliwa, samadi ya mbuzi imetandazwa juu, kazi safi kabisa ya mtu anayejua kulima. Nikaingiza vidole. Yalikuwa uji, yote manane.

Mama, maneno niliyokutamkia siku ile naona haya kuyaandika, lakini nitayaandika. Nilisema, mbele ya mume wangu na majirani waliokuwa wakirudi kutoka shamba la kijiji, kwamba ujinga wako umeniharibia, na usiguse tena kitu changu. Ulikwenda kunawa mikono.

Tangu hapo ulikuja kwetu kwa njia ya nyuma, ukipitia jikoni. Ulileta maziwa, ulileta mboga, ulibeba wanangu mgongoni mpaka wakatembea. Lakini mbele ya nyumba yangu hukukanyaga tena. Nami nilikuwa na kiburi cha kijinga. Kila siku nilisema nitakuomba radhi kesho.

Siku ya arobaini yako, Bi Halima, yule jirani yetu wa bondeni, alinikuta naosha vyombo.

"Hivi unajua kwa nini alifukia?" akaniuliza. "Watu walikuwa wakipita kwenda shamba la ujamaa, wanacheka. Wanasema mke wa mwanawe mvivu, kapanda juu juu, mbegu zote ziko nje. Hata balozi wa nyumba kumi alicheka. Mama wa watu hakulala. Alfajiri kachukua jembe."

Sahani iliniponyoka. Ulikuwa umenisitiri, nami nikakutukana.

Mwaka huu nimenunua mengine sokoni. Nilibonyeza moja moja mpaka muuzaji akachoka nami, na nimeyapanda vilevile, migongo nje. Yameshika, yanatoa majani. Nilidhani nikiyaona yanakua nitapata nafuu. Sijapata.

Jana wanawake wawili walipita, wakasimama, wakayatazama. "Huyu mwalimu," mmoja akasema, wala hakupunguza sauti, "mpaka leo hajui kulima." Wakaenda zao wakicheka. Nilitabasamu, kisha nikaingia ndani nikalia.

Nisamehe, mama. Kijiji kizima sasa hakuna hata mtu mmoja anayeona aibu kwa ajili yangu.

Mungu akulaze pema.

Mkweo,
Mama Rashidi