Mpunga Kwenye Kiwanja cha Ndege

Kaka Obadia,

Kamwene. Natumaini wewe, wifi na watoto mmeamka salama, na kifua cha mama kimetulia baada ya ile baridi. Mimi mzima huku Uingereza, naendelea na kazi ya kutunza wazee. Salamu zimeisha. Sasa nikwambie, nina hasira na wewe.

Jana shangazi alinipigia simu. Siku mdogo wetu Tumaini aliposhikwa na uchungu, mtoto akakataa kutoka, ndege ya madaktari iliitwa na ikaja. Ikazunguka juu ya Madibira, ikashuka, ikapanda tena, ikaondoka. Haikuwa na pa kutua, kiwanja chote kimeanikwa mpunga. Mpunga wako, Kaka, wewe mwenyekiti wa kamati ya kiwanja!

Najua utasema kila mtu huanika pale, ardhi ni ngumu, haina mawe, na ndege yenyewe huja mara mojamoja. Shangazi anasema watu walikimbia na mafagio, nawe ukawa unapiga kelele, "Msiukanyage jamani, msiukanyage." Rubani angezunguka mpaka lini? Tumaini akapakiwa kwenye tela la trekta, na mtoto akafia tumboni kabla hawajafika lami.

Huku kuna helikopta ya wagonjwa. Nilidhani ni ya serikali, kumbe ni michango ya watu. Bibi mmoja ninayemwogesha alipeleka nguo za marehemu mumewe kwenye duka la mitumba, zikauzwa, pesa ikaenda kwenye helikopta. Aliniuliza kwetu nani analipia. Nikamjibu kwa maringo kwamba wafadhili wanatoa, na sisi pia, kila nyumba debe la mpunga wakati wa mavuno. Leo naona aibu hata kumtazama. Tunachanga mpunga ndege ije, ikija tunaizuia kwa mpunga. Na wenye ndege wamesema wakikuta kiwanja hivyo tena, Madibira hawarudi. Wajawazito wengine waende wapi?

Juzi, kabla sijajua haya, Tumaini mwenyewe alinipigia. Sauti haina nguvu. Akasema, "Dada, ndo Mungu hakupenda. Kaka kaniambia upepo ulikuwa mkali, rubani kashindwa kutua. Bila yeye kuendesha trekta na mimi ningekufa." Upepo, Kaka. Ulimwangalia mtoto wa mama yako kitandani ukamwambia upepo.

Nisalimie mama, na wifi, na mchungaji aliyemzika mtoto. Shangazi usimgombeze, mimi ndiye niliyembana mpaka akasema.

Mpunga uondoe leo, na mtu mwingine asianike pale tena. Kisha nenda kwa Tumaini ukamwambie ukweli kwa mdomo wako. Nenda upesi, kwa sababu fundi anachonga msalaba wa kaburi, na Tumaini ameshamwambia aandike jina la mtoto. Amempa lako, kwa shukrani.

Mdogo wako,
Agnes